Swali la Mwisho Kwenye Fomu ya Wajenzi

Kiwanjani, Isiolo
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Kwawuka mana, nakuamkia, hata kama barua hii itakufikia jua likiwa limeshapinduka. Magoti yanakusumbua bado ukipanda kutoka shambani? Na Mama, kile kifua chake cha msimu wa ukungu kimetulia? Dada Mshai aliniambia kwa simu kwamba sikio la kulia nalo limekwisha kabisa, na ya kwamba siku hizi ukiwekewa simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" tu halafu unairudisha. Ndiyo maana nimeandika. Mambo niliyo nayo hayafai kujibiwa "ndiyo, ndiyo." Nitaituma kwa basi hadi Voi, Mshai ataichukua huko. Nimemwambia asiifungue.

Mimi mzima wa mwili. Kazi inaendelea. Bado niko ile ofisi ya mifugo, naandika kwenye kompyuta ng'ombe na ngamia waliochanjwa, wa nani, wa wapi. Joto la hapa ungelikataa, Baba. Mchana upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nikitoka kazini napita sokoni, nanunua nyanya, narudi chumbani, nafunga mlango. Watu wa hapa ni wazuri, sina la kulalamika. Wananisalimia kwa Kiborana, nami nimejifunza kuitikia "nagaa," lakini mazungumzo yetu yanaishia hapo. Kuna siku nilijikuta naongea Kidawida na jiko. Nilipojisikia nikanyamaza, nikaona aibu kana kwamba kuna mtu alikuwa ananisikiliza.

Sasa nikueleze jambo ambalo huenda ukalicheka. Mwenzangu wa ofisini alipohamishwa kwenda Garissa aliniachia mchezo kwenye kompyuta yangu. Ni mchezo wa kujenga. Ndani yake kuna dunia nzima, ina milima na mito, na kila kitu kimeundwa kwa vipande vya mraba, kama matofali. Unachimba jiwe, unalibeba, unaliweka. Ukitaka unajenga kibanda, ukitaka unajenga kanisa. Mwanzoni nilikuwa napitisha saa tu baada ya kazi. Halafu nikagundua kwamba naharakisha chakula ili nirudi kujenga.

Jirani yangu wa ploti hii, Mama Halima, anayeuza maziwa ya ngamia, aliingia jioni moja akanikuta nainua paa. Akasimama nyuma yangu muda mrefu.

"Wakesho, hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama. Ni mchezo tu."

"Unajenga nyumba hapo ndani, na hapa kwako kiti ya mgeni hakuna?"

Nilicheka. Alipokwenda nikaangalia chumba changu. Ni kweli, sina kiti cha mgeni. Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kukihitaji.

Basi kupitia mchezo huo nikasikia habari za kundi fulani la wajenzi. Ni watu wa nchi nyingi ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, nao wanajenga mji mmoja kwa pamoja, kila mtu akiwa kwao. Mji wenyewe ni kama ile ya Ulaya ya karne nyingi zilizopita, enzi za wafalme na ngome, kabla ya simiti hii yetu. Kuna kuta za kuzunguka mji, malango, soko, vinu vya kusagia nafaka. Niliangalia picha zake moja moja. Kila nyumba ilikuwa imeegemea jirani yake. Nilitaka kuwa hapo, Baba. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya hivyo. Nilitaka jioni mtu aniulize, "Umefika wapi na ukuta wako?"

Lakini huingii hivi hivi. Hata huko kuna kuomba kazi. Unajaza fomu: wewe ni nani, kwa nini unataka kujiunga, uoneshe picha za nyumba tatu ulizojenga kwa mtindo huo wa zamani. Swali la mwisho lilikuwa hili: "Tueleze kitu ulichowahi kukijenga vibaya, na ulijifunza nini."

Hapo kalamu ilisimama, ingawa nilikuwa naandika kwa vidole. Mwishowe niliandika uongo. Nilisema niliwahi kuezeka paa la mchezoni likawa bapa mno, nikajifunza kuliinua. Nikatuma.

Baada ya siku nne walinijibu. Anayekagua maombi ni mzee mmoja wa nchi ya theluji. Jina analotumia mchezoni ni neno la Kiingereza la kunguru, kwa hiyo nami namwita Kunguru tu. Alinikataa. Alisema nyumba zangu zinapendeza kwa mbele, lakini kuta ni nyembamba kama karatasi, na kwamba ile nyumba niliyoiweka mteremkoni isingesimama hata mvua moja. "Jenga kama mtu aliyewahi kubeba jiwe," aliandika. "Ukiwa tayari, omba tena."

Baba, maneno hayo yalinichoma kuliko alivyojua. Mimi ni mtoto wako. Nimebeba mawe tangu nikiwa sijui kusoma.

Wiki mbili sikufanya kingine. Nilibomoa ile nyumba nikaanza na ukuta wa kuzuia udongo, vile ulivyokuwa ukijenga kwetu. Chini nikaweka mawe makubwa kuliko yote. Nikaulaza ukuta kidogo kuelekea mlimani. Kila baada ya hatua mbili nikaingiza jiwe refu la kufunga, linalopita mpaka ndani ya udongo. Nikaacha matundu ya maji. Nilikuwa nasikia sauti yako kabisa: "Maji hayana haraka, lakini hayachoki. Yape njia." Mara mbili stima ilipotea nikarudia kazi upya, na sikukasirika. Zilikuwa siku nzuri, labda nzuri kuliko zote nilizokaa Isiolo. Nilikuwa nafanya kazi na wewe.

Nikaomba mara ya pili. Safari hii lile swali la mwisho nililiacha wazi, sikuandika kitu.

Jumamosi iliyopita mchana, Kunguru akaomba tuongee kwa sauti kupitia kompyuta. Ana sauti nzito, anakohoa kila baada ya maneno machache. Tuliongea Kiingereza, nami nakuandikia kama tulivyosema.

"Ukuta huu wa mteremkoni," akasema, "nani alikufundisha kuacha matundu?"

"Baba yangu. Alikuwa fundi wa mawe."

"Amefariki?"

"Yuko hai. Aliacha kazi."

"Kwa nini aliacha?"

Nikarudi kwenye habari za matundu. Akanisikiliza, kisha akasema, "Naona pia kuna swali hukulijibu. Si lazima uwe umekosea kitu kikubwa. Tunataka tu kujua kama mtu anaweza kukubali kosa, maana kwetu mmoja akiharibu, wote tunabomoa."

Baba, nilimwambia. Mtu nisiyemjua uso, nilimwambia jambo ambalo sijawahi kukuambia wewe. Tafadhali keti kwanza kabla ya kuendelea kusoma.

Unaukumbuka ule ukuta wa nyuma ya nyumba ya Mzee Mwakio, mwaka niliokuwa kidato cha pili. Ilikuwa likizo, nami ndiye niliyekuwa nakukorogea mchanga na simiti. Asubuhi ya siku ya mwisho ulinituma nikalete mfuko wa simiti uliobaki ng'ambo ya kijito. Nilikataa punda, nikasema nitaubeba mwenyewe, nilitaka uone nina nguvu. Niliteleza kwenye mawe ya kijito. Mfuko ukapasuka, karibu nusu ikaingia majini.

Niliogopa. Si kwamba ungenipiga, hujawahi kunipiga. Niliogopa useme kazi ya ufundi si ya msichana, kama watu walivyokuwa wakikuambia. Nikaitupa ile iliyolowa kwenye magugu. Iliyobaki nikaichanganya na mchanga mwingi, mwingi kupita kiasi, ili itoshe. Ulipochota kwa mwiko ulisimama kidogo, ukaniuliza, "Hii umepima?" Nikasema, "Nimepima, Baba." Ukaniamini. Ukajenga sehemu yote ya juu kwa mchanganyiko huo.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja, sehemu ya juu ndiyo iliyoanguka. Ilimwangukia Mjomba Mwadime aliyekuwa amepita hapo kuchukua majani ya ng'ombe. Mguu wake haujanyooka mpaka leo. Na watu wakasema macho ya fundi yamezeeka, kwamba hakuona ukuta ulikuwa umepinda. Nakumbuka umesimama mbele yao na kofia mkononi, ukasema, "Ukuta ni wangu." Jioni hiyo uliosha mwiko, timazi na nyundo, ukavifunga kwenye gunia. Sijawahi kukuona ukilifungua.

Ukuta haukuwa umepinda, Baba. Macho yako hayakuwa na kosa. Ni mimi.

Miaka kumi na sita nimekaa nalo. Nilipomaliza chuo na kuulizwa ningependa kupelekwa wapi, nilisema popote, mradi ni mbali. Nyinyi mlidhani nimekosa bahati nikatupwa huku. Niliomba mwenyewe. Kila nikija nyumbani na kumwona Mjomba akishuka njia ile kwa fimbo, akinichekea na kuniita karani, nilikuwa natafuta sababu ya kurudi mapema. Huko kuumwa tumbo kwa Krismasi iliyopita hakukuwa kuumwa tumbo.

Nilipomaliza kusema, nilisikia Kunguru akisogeza kiti. Kisha akauliza, "Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Kwa hilo sina la kukuambia," akasema. Akakohoa. "Kuhusu nyumba yako, ninalo. Ni kazi nzuri. Umekubaliwa. Sehemu yako ni chini ya kinu cha upepo, kwenye mteremko. Hakuna aliyeweza kujenga pale."

Wenzake wakaanza kuniandikia salamu, karibu, karibu, kutoka nchi ambazo sijui hata ziko upande gani. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia, Baba, na sikusikia furaha yoyote. Nilifunga kompyuta nikatoka, nikaketi chini kando ya madumu ya maziwa ya Mama Halima. Nilikuwa nalia bila kujizuia.

"Umefiwa?" akaniuliza.

"Hapana. Nimepata kazi."

"Kazi gani hii ya kulia?"

Nikamweleza yote, kwa Kiswahili chetu cha kuokoteza, mpaka kuhusu Kunguru. Alinisikiliza huku akifunga madumu kwa kamba. Mwishowe akaniangalia kwa ukali, kama angeniangalia Mama.

"Huyo mzee ya kompyuta, anakujua?"

"Hanijui."

"Na baba yako ako hai?"

"Yuko hai."

"Sasa wewe umeambia mtu mwenye hakujui, na mwenye ukuta hujamwambia. Toka hapa. Enda uandike."

Nimejaribu tangu siku hiyo. Hii ni karatasi ya tano.

Sikuandikii ili uninyamazishe kwa kusema nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto siku ile kijitoni. Ulipofunga lile gunia nilikuwa nimesimama mlangoni, na mwaka uliofuata nilikuwa bado hapo, na nilipokuwa mtu mzima mwenye mshahara bado sikusema. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Wewe ungejenga nyumba nyingi katika muda huo. Najua kuna nyumba huko Wundanyi zilizojengwa na mafundi wasiokufikia hata kidogo, na ulikuwa unazipita bila kuinua macho. Nilikuwa natembea kando yako, naona.

Sijui kama unaweza kunisamehe, na sitaki ujibu haraka. Nina jambo moja tu la kukuomba. Likizo yangu inaanza mwezi ujao, wiki ya pili. Nitakuja. Nataka twende pamoja kwa Mzee Mwakio, na kwa wale waliokuwepo siku ile ambao bado wako, nikaseme mbele yao nilichofanya. Usinitangulie kusema. Najua ulivyo, utataka kulibeba tena. Safari hii niachie. Na kama utaona afadhali nisije, mwambie Mshai anitumie neno moja tu, nitaelewa, ingawa nafikiri nitakuja vilevile na kukaa nje.

Kule kwenye mji wa kompyuta sijaanza chochote. Wameniandikia mara mbili kuuliza nitaanza lini. Nimewajibu kwamba nina kazi ya nyumbani ya kumaliza kwanza. Kunguru alijibu kwa neno moja: "Vizuri."

Msalimie Mama, umwambie nakula vizuri, na ya kwamba yale majani ya chai aliyonipa, Mama Halima ameyapenda. Ukimaliza kusoma msomee naye, nisingependa uwe peke yako na haya. Mshai dada yangu mwambie asante kwa kuleta barua bila kuifungua, kama kweli hakuifungua. Shangazi wa duka mpe mkono wangu, na mchungaji pia.

Mjomba Mwadime usimsalimie. Salamu yake nitaileta mwenyewe.

Ni mimi, mwanao aliyekuwa akikukorogea,

Wakesho