Aliyefagia Jumapili

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kabla sijakaa vizuri, maana nikishakaa nitaanza kusema na adabu nitaisahau. Hujambo wewe na goti lako? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au unaiangalia tu chupa na kuisifia harufu? Ukiuliza habari zangu, mimi mzima. Mgongo unalalamika asubuhi, lakini ukiona siusikilizi unanyamaza wenyewe.

Anayeshika kalamu ni mwanao mwenyewe, kwa kuwa unajua mimi na herufi hatujawahi kutambulishwa. Tumo ndani ya stoo ya mafagio, mimi nimekalia ndoo niliyoifudikiza, yeye amekalia gunia la machujo ya mbao, na ni mapumziko yetu ya mchana. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asinirembe na asiruke neno hata likimuuma. Ameapa. Shahidi ni wewe.

Umeniuliza mambo mawili: kama kweli nimefukuzwa kazi, na kwa nini yule mlinzi wetu wa getini, aliyekuwa alete wazee wake kwako kumposa mwanao, amekuwa kimya hivyo. Hayo mambo mawili, mdogo wangu, ni jambo moja. Tulia nikusimulie.

Halmashauri ya jiji ilituita wafagiaji wote wa jengo hili la maegesho, lilelile la ghorofa nne ulilofagia nami kabla goti halijakugomea. Afisa mmoja mwembamba, mpole, akatuambia kwamba kuanzia sasa usafi wa maegesho utapewa mkandarasi kwa zabuni. Atakayetaja bei ndogo ndiye atakayepewa kazi. Nikamuuliza sisi tunakwenda wapi. Akasema hata sisi tukiwa kikundi tunaruhusiwa kuomba. Tukaunda kikundi siku hiyohiyo, na mwanao tukamfanya katibu, kwa sababu yeye ndiye mwenye mwandiko wa kusomeka na mdomo wa kusikika.

Katibu wetu akaja na mpango. Alisema kampuni zote zitaletwa Jumatatu kulikagua jengo kabla ya kutaja bei. Basi tusifagie tangu Alhamisi. Vichungi vya sigara vilale, mafuta ya magari yakauke sakafuni, kinyesi cha njiwa kule juu kirundikane, na ile kona ya ngazini inayogeuzwa choo na watu wazima wenye funguo za magari mkononi, tusiimwagie hata tone la maji. Wenye kampuni wakiona hivyo wataogopa na kutaja bei za kutisha, na sisi tunaojua uzito wa kazi tutapita chini yao. Wote tulikubali. Hata mimi niliinua mkono, tena huu wa kulia.

Jumatatu asubuhi tunaingia, jengo linang'aa. Sakafu imesuguliwa, mifereji imezibuliwa, ngazi inanukia sabuni. Wenzangu walibaki midomo wazi. Wageni wakapanda na kushuka wakitabasamu, na yule afisa akauliza ni akina nani wanaofagia hapa. Tukasema ni sisi, ungesema nini tena.

Basi, mwenye kampuni mmoja, bwana mnene mwenye kicheko, akaona hapa kazi ni ya kupangusa vumbi tu. Akataja bei ndogo sana, akashinda, sisi tukashindwa. Lakini afisa alikuwa ameweka sharti kwamba atakayeshinda awachukue wafagiaji walewale. Kwa hiyo usinililie, sijafukuzwa. Tuna gambuti, glavu, na ovaroli. Yangu ni ndefu, nikitembea nafagia mara mbili. Mshahara unafika mwisho wa mwezi bila kubembelezwa. Mwenye kampuni ndiye aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mvua ya kwanza ilipoleta matope ya magari yote ya mji huu, alikuja mwenyewe, akasimama ghorofa ya kwanza ameshika kiuno, akaniuliza kama huwa ni hivi kila mara. Nikamwambia leo afadhali. Siku hizi Jumamosi anakuja na dekio lake, na si mvivu, ila analishika kama anacheza nalo muziki.

Lakini wenzangu bado wana donge. Walitaka kazi iwe yao, wasiwe chini ya mtu, na siwalaumu. Wakaanza kutafuta msaliti. Na Jumatatu ile mwanao alikuwa ameona machujo ya mbao kwenye viatu vya mlinzi, yale tunayomwaga juu ya mafuta ili yanyonye. Funguo za jengo Jumapili anazo nani? Mlinzi. Akamuuliza nani amefagia. Akajibu kwamba hawezi kusema. Akamuuliza amelipwa na kampuni gani. Akajibu kwamba hajalipwa na mtu. Mwanao akamwita kibaraka mbele ya foleni ya magari, akamrudishia mwavuli aliompa wakati wa mvua, na tangu hapo anapita getini akitazama ukutani kama kuna picha. Nyumbani hali chakula. Anasema hana njaa, na macho yamevimba, anasingizia vumbi.

Sasa mwanangu, andika hili na usiinue kichwa.

Aliyefagia ni mimi.

Jumapili ile nilijilaza nikashindwa. Niliwaza wageni wanakuja, watapita ghorofa ya tatu, ghorofa yangu, waone uchafu ule na mimi nimesimama pale kama mwenye nyumba. Mama yetu angefufuka anichape. Nikaja, nikamdanganya mlinzi kwamba nimesahau sweta. Nilipokawia akanifuata, akanikuta nimepiga magoti ninakwangua chingamu za watu sakafuni. Hakuuliza. Alikunja suruali, akabeba maji ndoo kwa ndoo mpaka juu. Tulipomaliza ghorofa zote nne, usiku wa manane, nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, na nikamtaja mwanao kwa jina, kwamba hasa huyo. Akaniambia, "Mama mkubwa wa mchumba wangu ni mama mkwe wangu, siwezi kukuvunjia neno." Na hakulivunja, mdogo wangu. Amempoteza mtu anayempenda ili mimi nisione aibu, na mimi mzee mzima nimenyamaza nikanywa chai.

Mdogo wangu, ukiona mwandiko umekuwa mkubwa na umepinda, usidhani mwanao amelewa. Anayeandika sasa ni mlinzi. Mwanao aliandika mpaka neno chai, akaweka kalamu juu ya ndoo, akanitazama. Nikadhani atanipiga na ufagio, na ningemwachia. Akatoka mbio, kiatu kimoja kimebaki hapa. Nikachungulia mlangoni. Walisimama kwenye kizuizi cha geti wakiongea, magari yakapanga foleni mpaka barabarani, watu wanapiga honi, wao hawana habari. Halafu mwanao akamsukuma mlinzi huku, kwamba aje amalizie barua ya mama mkubwa.

Andika kwamba wewe ni kijana mwema. Amekataa, anasema mtu hajisifu. Nimemwonyesha ufagio, ameandika.

Kesho nitawaambia wenzangu wote. Wakininunia watanuna mpaka chai iive, halafu watanicheka mwaka mzima, na ni haki yao. Lakini Jumatatu nyingine kama ile ikija, siahidi kitu.

Wewe fagia uwanja, wazee wa huyu kijana watafika kwako kabla mwezi haujaisha. Nisalimie shemeji, mwambie apunguze chumvi. Wasalimie wajukuu kila mmoja kwa cheo chake cha utundu, na goti lichue.

Nakuacha hapa kwa sababu mwandishi wangu haangalii karatasi, anaangalia nje. Huko mwanao ndiye anayeinua kizuizi cha geti sasa, mguu mmoja peku. Wingu hata moja hakuna, na amejifunika mwavuli uleule.

Ni mimi dada yako,
Bibi wa Ghorofa ya Tatu