Mama Anataka Niandike Nyumba Moja Tu

Mpendwa Bi Odessa, naomba unisaidie kabla Agosti haijafika, maana nimebakiwa na nafasi moja, na nikiikosa hii ndiyo basi, wa mwaka wa tatu hakuna nyumba inayomchukua.

Mimi natoka mji mdogo hapa Mississippi, na mama na bibi yangu wote walikuwa wa nyumba moja ya akina dada chuoni, yaani chama cha wasichana wanaochaguana na kuishi pamoja kama ndugu, ile yenye nguzo nyeupe, kwa hiyo tangu utotoni naitwa "mtoto wa nyumba" na nikadhani maana yake ni kwamba mlango uko wazi, sikuuliza, kwa sababu kwetu mtu anatarajiwa kuzaliwa na maneno haya na ukiyauliza unaonekana mjinga. Agosti iliyopita nilizunguka nyumba zote juma zima ili wanipime, kila raundi wanakata wengine, jua linachoma, viatu vinabana, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, na raundi ya mwisho nikabaki na nyumba mbili, ya Nguzo na ile ndogo tunayoiita ya Kona, na kule Kona msichana mmoja, Merritt, akanishika mikono akasema, "Annelle, wewe hapa hujaigiza hata mara moja," nikalia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kutoka hapo unakwenda kusaini kadi, unaandika nyumba unazozitaka kwa mpangilio, na Mama alikuwa ameshanipigia simu: "Andika moja tu. Wanawake wa familia yetu hujifunga." Kiongozi wa kundi letu, Sutton, aliponiona nimeandika Nguzo peke yake akainama akaninong'oneza, "Andika zote mbili, mwenzangu. Kujifunga si uaminifu, ni kujikata mwenyewe." Sasa unajua viongozi nao ni wa nyumba hizi hizi, ila huficha nyumba zao juma lote ili wasituvute upande, na mimi nilikuwa nimemwona na utepe wa kijani kichwani, rangi ya Kona, nikajisemea huyu anavutia kwao, nikamjibu, "Asante, najua ninachofanya," nikasaini.

Asubuhi ya siku ya mialiko Sutton akaja chumbani kwangu akakaa kitandani, nikajua kabla hajafungua kinywa kwamba Nguzo hawakunichukua. Mchana wenzangu wakatimua mbio uwanjani na bahasha zao, na mimi dirishani nikamwona Sutton, siri imekwisha, kavaa fulana ya nyumba yake. Ilikuwa ya Nguzo.

Mama anasema ile ilikuwa bahati mbaya, ameshawaomba wanawake wanne waniandikie barua za kunidhamini kwa Nguzo, na nikimwambia habari ya kuandika nyumba ya pili kwenye kadi ananijibu kwamba ninamtukana bibi yangu kaburini, lakini mimi naitaka Kona, Bi Odessa, naitaka kweli, ila naona haya kubisha hodi kwa watu ambao hata jina lao sikuliandika. Jina langu lichapishe gazetini, nimechoka kujificha.

Annelle

Annelle mwanangu,

Pole. Nimekuwa mlezi wa nyumba ya akina dada miaka kumi na tisa, nimefunga zipu za magauni mpaka vidole vikaota sugu, na kila Agosti nilimwona msichana kama wewe, kaja na maneno ya mama yake bila maana zake. Nimekuonea huruma, sasa vumilia nikukaripie.

"Mtoto wa nyumba" maana yake ni kwamba wanamjua mama yako, basi. Wanaweza kukubakiza mpaka raundi ya mwisho kwa heshima yake, na raundi hiyo wanaalika wasichana wengi kuliko nafasi walizonazo. Kujifunga nako ni kukiambia chuo: nisipopata hii, niacheni nje. Wakakutii. Ungeandika zote mbili ulizoalikwa, kwa utaratibu wetu usingekosa moja. Mama yako hakukudanganya. Enzi zake nyumba zilikuwa na wasichana wa kuhesabika, na mtoto wa nyumba alipokewa hata kabla ya kuketi. Siku hizi wanakuja kwa mamia.

Huyo Sutton amenigusa. Habari za kura wanazopigiwa wasichana hakuwa nazo, viongozi hawaambiwi, lakini alijua mambo yanavyokwenda. Msichana wa Nguzo alikusihi uandike na jina la jirani, akakutetea wewe kuliko nyumba yake, na wewe ukamdhania mlaghai kwa sababu ya utepe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtafute juma hili hili, umwombe radhi, na umwombe akufafanulie kila neno usilolijua. Ujinga wa kuuliza ni wa siku moja.

Kwa Merritt usipeleke zawadi wala ujumbe mtamu wakati wa likizo, watasema unajipendekeza. Subiri Agosti. Ukifika mlangoni mwao na mtu akakuuliza mwaka jana ilikuwaje, usizunguke. Sema, "Niliwaacha kwa kumwogopa mama yangu. Safari hii nimekuja mwenyewe." Wakikukata, utakuwa umekatwa kwa ukweli wako, na hilo mtu hupona.

Kwenye kadi andika Kona juu. Nguzo wakikubakiza, waandike chini yake, mradi unaweza kuwaita dada bila kinyongo, kwa kuwa saini ile inakufunga mwaka mzima. Kama huwezi, waache, lakini ujue hapo unajifunga tena, na safari hii usiseme hukuambiwa.

Amebaki mama. Usisaini kwanza ukamwambia baadaye, huo ni woga. Mwambie Jumapili hii, mkitoka kanisani, kabla hajaanza kukata kuku: "Mama, nitaandika Kona kwanza." Sentensi moja, usiiombee msamaha. Atamtaja bibi. Mjibu kwa adabu kwamba bibi, Mungu amrehemu, aliichagua nyumba yake mwenyewe, hakuna aliyemshika mkono akisaini. Kisha nyamaza. Atalia, nawajua wanawake wa kizazi chetu, tunalia vizuri sana. Mpe leso, mmiminie chai ya barafu, kaa naye mpaka amalize. Kalamu usimpe.

Bi Odessa Tharpe