Ruta Inapojaribu Kuamka

Jumanne, 11 Machi

Nimeitengeneza ruta, kile kisanduku cha intaneti! Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, niliyeishia darasa la nne!

Haya, uongo. Niliipiga kofi. Ikawasha taa zote, nikaenda kujisifu jikoni, kurudi imezima. Ikawaka. Ikazima. Ndivyo inavyofanya tangu asubuhi, kama mlevi anayejaribu kuinuka mtaroni.

Siku nyingine ningecheka. Lakini Ijumaa jioni dada yangu anapasuliwa moyo, huko mbali. Kabla hawajamwingiza atanipigia kwa picha. Dada ni kiziwi tangu utotoni. Tunaongea kwa mikono, lugha tuliyoibuni wenyewe chini ya kitanda cha mama. Simu ya sauti ataifanyia nini? Na huku bondeni simu za mkononi hazivuti picha. Njia ni hii ruta kuukuu tu. Kampuni wanasema wataleta nyingine wiki ijayo. Wiki ijayo!

Jumatano, 12 Machi

Nimechokonoa kitundu cha nyuma kwa sindano ya mke wangu. Eti ukibonyeza hapo inasahau yote, inaanza upya. Mke wangu akauliza, baba watoto, unaichoma sindano, ina malaria? Haikusahau, haikukumbuka. Waka, zima.



Alhamisi, 13 Machi

Kaja fundi wa redio. Tunamwita Risasi, kwa ile risasi anayoyeyusha kuungia nyaya, na kwa ulimi wake. Kauliza nani kaichubua hivi. Nikasema panya. Panya gani mwenye bisibisi, babu?

Kabadilisha adapta ya umeme. Vilevile. Kafungua kifuniko, kaunga nyaya tatu nyembamba ndani, ncha za pili kwenye kompyuta yake — lo! Maandishi yakaanza kumwagika. Ruta inasema! Risasi akanieleza: hapa inahesabu kumbukumbu yake. Hapa inatafuta programu. Imeipata. Sasa inaikunjua... Kimya. Halafu mstari wa kwanza tena.

Mchana kutwa sina neno jingine kichwani. Kumbe kuamka ni kazi! Miaka yote hii nafumbua macho tu, sijawahi kuuliza nani humo ndani anatangulia kuhesabu: miguu ipo, jina lipo, dada yupo. Na kidubwasha hiki kimeanguka palepale mara ngapi sijui, na kila mara kinaanza kwa mstari wa kwanza, bila kununa. Mimi nikijikwaa mara moja nanuna hadi jioni.

Ugonjwa kauona: kikopo kama punje ya mahindi, kapasita, kichwa kimevimba. Kazi yake kushika umeme wa akiba. Ruta ikitaka nguvu ya kusimama, hakina cha kuipa. Maandishi ya ubavuni madogo mno. Babu, niazime miwani. Nikampa. Akaondoka nayo usoni kutafuta kapasita kama hiyo!

Ijumaa, 14 Machi

Kaja na kapasita, na miwani yangu puani. Inampendeza kunishinda, mwizi huyu. Nikafungua mdomo kuidai. Kashika chuma cha moto: babu, usinisemeshe! Nimekaa pembeni naandika, kwa kupapasa.

Moshi. Kawasha.

Kumbukumbu, ipo. Programu, ipo. Ananisomea kwa sauti. Tunafika pale. Mke wangu kanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya mbele ya mtu tangu harusi.

Imepita! Imepita pale! Anasoma mistari tusiyowahi kuifikia. Taa zimesimama, hata moja haipepesi!

Risasi kajipenyeza chini ya meza kufunga waya wa kompyuta yetu. Na skrini inaita. Dada! Mungu wangu, dada mzima, kapita ndani ya uzi ule mwembamba kama kamba ya kiatu! Ukungu mweupe — mito ya kitanda, nadhani. Na vitu viwili vinapanda na kushuka. Mikono yake! Mmoja unakwenda sikioni. Kuvuta sikio ndilo jina langu kwake, kwa utundu wangu. Au ananiaga? Sioni. Kalamu bado ninayo, mistari inapandana —

Risasi, mwanangu, toka huko chini. Jana nilikuazima bila neno. Nipe miwani yangu