Kwa Binti Yetu Mwenye Majina Mawili

Mwaka mmoja umetimia sasa, Adrienne, tangu ulipotutoka, Agosti 1973, ukiwa na miaka ishirini na sita, katika hospitali ya mji usiokuwa wako. Misa yako itasomwa Jumapili hii. Mama yako ameomba karatasi hii ibandikwe kwenye mlango wa parokia, na majina ya ubatizo, ambayo serikali imeyakataza, yameandikwa humu makusudi. Anayetaka kutushtaki, nyumba yetu hapa Likasi anaijua.

Ulikunywa chai ya baridi maisha yako yote, kwa sababu kila ilipomiminwa kulikuwa na mtu anabisha hodi. Mke wa mfanyakazi wa Kakontwe ambaye mumewe hakurudi kutoka machimboni. Mzee kutoka Kakanda anayemtafuta mwanawe. Uliwakalisha, ukatoa kadi nyeupe kwenye kopo la biskuti. Kazi yako pale ofisi ya jamii ilikuwa kuandika waliopotea, na wale waliolala hospitalini au chumba cha maiti bila mtu wa kuwatambua.

Wenzako waliuliza, "Anaitwa nani?" Wewe uliuliza, "Kama amelala na hasemi, utamjua kwa kitu gani?" Ukaandika kovu, jino, kiraka, fundo la uzi. Nakala ukawapa madereva wazisomee hospitali za njiani, maana hakuna ofisi iliyojua orodha ya ofisi nyingine.

Mama yako, mwalimu mwenye diploma, anayeita rejesta kila asubuhi, alikucheka. "Unaandika manguo ya watu kama dobi."

"Mama, dobi anajua kila nguo iko ya nani."

Kisha serikali ikakataza majina ya ubatizo, kila mtu achukue jina la kienyeji. Ulirudi kutoka ofisi ya komini na kitambulisho kipya, umechagua jina mwenyewe. Ulitaka kumwonyesha. Hakutaka hata kutazama.

"Ficha ile kadi. Miye sitajifunza jina ingine ya mutoto nilizaa miye mwenyewe."

"Na siku utanitafuta, utaniita nani?"

"Nitakuita ukuje kula."

Mlicheka wote wawili. Mama yako anaandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lori ulilopanda kupeleka kadi upande wa Kolwezi lilipinduka. Tuliambiwa majeruhi wamegawanywa hospitali mbalimbali, hakuna anayejua nani yuko wapi. Mama yako aliondoka na kikapu cha nguo zako safi. Siku ya tatu alisimama kwenye dirisha la hospitali moja, watu wanamsukuma mgongoni.

"Namutafuta Adrienne Ngoie."

"Citoyenne, ile majina balishaka kukataza," alisema karani, akimwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza, kidole kikishuka kwenye orodha. "Ngoie iko batatu. Ngoie Kabwe, Ngoie Mwadi, Ngoie Kisimba. Njo gani wako?"

"Adrienne."

"Adrienne hamuna, mama."

"Basi hawa si wangu."

Akaondoka haraka, lori la Lubumbashi lisimwache. Siku hiyo ulikuwa hai.

Kule, katika vyumba vya maiti, alifunuliwa mashuka. Kila uso uliokuwa si wako ulimpa nafuu, na kabla hajafika mlangoni hofu ilikuwa imerudi. Siku ya saba alirudi nyumbani na kikapu kilekile, akakaa kwenye meza yako, akachukua kadi moja nyeupe. Penye jina kalamu ilisimama. Akaruka mstari huo. Akaandika: kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, limekaa kama jani. Mwanya kati ya meno ya mbele. Pindo la kitenge limeshonwa mara mbili kwa uzi wa kijani, mshono wa mama yake.

Alinakili kadi sita. Swedi, dereva aliyekuwa akibeba kadi zako, alizichukua. Siku ya tisa alirudi, kofia mkononi, akamwita mama yako kwa jina la kaka yako.

"Mama Fidèle, balimupata. Infirmière, muuguzi wa kule, alisikia tu ile kovu, akasimama. Ameshakufa siku tatu, mama. Mu liste ya majina balimuandika Ngoie Mwadi."

"Mwadi njo nani?"

Baba yako Benoît ndiye aliyejibu. "Njo mama yangu."

Sisi sote tulimwita bibi Mama Benoît hadi anakufa. Jina lake mwenyewe hakuna aliyelitumia. Wewe ulikuwa umemwuliza, ukalichagua liwe lako.

Hatumlaumu karani. Alisoma alichoandikiwa. Lakini orodha yake ilikuwa na jina bila kovu, mama yako alikuwa na kovu akataja jina, na katikati yao ulikuwa umelala wewe. Ulikuwa ukisema nchi hii inahitaji orodha moja, ambayo Likasi itasoma na Kolwezi itasoma, yenye jina la zamani, jina jipya na alama za mwili. Tuliona unazidisha mambo.

Kopo lako liko mezani, kadi ishirini na tatu bado hazijapata wenyewe. Kila mlango ukibishwa mama yako anashtuka, anafikiri labda huyu alishafika kwenye dirisha fulani akasema "si wangu." Wewe unayesoma hapa na unamtafuta mtu, njoo. Njoo na majina yake yote. Kama hujui jipya, waulize wadogo zake leo, usingoje.

Wanaokukumbuka ni baba yako Benoît, ambaye ni Ngoie Ilunga. Kaka yako Fidèle, ambaye ni Ngoie Kalala. Mdogo wako Rosalie, ambaye ni Ngoie Kyungu. Swedi, aliyekurudisha nyumbani. Na mama yako Angèle, ambaye ni Mujinga, na chai yake siku hizi inapoa.

Tutakukumbuka daima, Adrienne.

Tutakukumbuka daima, Mwadi.