Ganda Jekundu la Fromaji

Beni, 4 Februari 2001

Mama mpenzi,

Habari ya Butembo, habari ya ng'ombe? Kifua kimepona? Mimi sijambo.

Fromaji yako, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe wetu uliyompa dereva Ibrahim, imefika. Mwalimu wetu wa maabara alikwangua lile ganda jekundu, akatuonyesha kwenye mikroskopi: vijidudu vifupi kama vijiti, Brevibacterium. Akasema vinaishi pia kwenye ngozi ya watu, zaidi miguuni. Mwenzetu Muyisa akapiga kelele: "Donc tunakulaka miguu ya mama ya Kavira!" Darasa zima lilicheka, nikatoka nje kwa haya. Tafadhali, sugua mbao unazopangia fromaji, na mikono yako, kwa javeli, ile dawa ya kuua vijidudu, kila siku.

Binti yako, Kavira

Butembo, 11 Machi 2001

Mwanangu Kavira,

Salamu nyingi. Kifua kimetulia.

Nilifanya ulivyosema, maana wewe ndiye umesoma. Javeli imenichubua vidole. Lakini fromaji zilibaki nyeupe, kisha zikaota ukungu wa kijani. Wamasista wa kanisani wanaozinunua wamezirudisha zote: "Mama Solange, hii hapana ile yako." Nisipouza, masomo yako yatakatika. Miaka thelathini naziosha kwa maji ya chumvi na mikono mitupu. Sikujua kama mimi ni mchafu.

Mama yako

Beni, 15 Machi 2001

Mama,

Unaendeleaje na vidole? Nimelia. Leo nimemuuliza mwalimu; ningebaki darasani siku ile ningemsikia akimalizia: vijidudu vile ndivyo vinavyotia wekundu na kufukuza ukungu. Acha javeli leo. Tafuta ganda jekundu la fromaji ya zamani, zipake nalo zile mpya. Wewe si mchafu, ni mimi niliyekuonea haya. Nisamehe.

Kavira wako

Beni, 2 Juni 2001

Mama,

Uko mzima? Wanasema wanajeshi wamepanda kilimani kwetu. Andika hata neno moja.

Kavira

Kirumba, 30 Septemba 2001

Mwanangu,

Salamu za hapa Kirumba nilikokimbilia. Niko hai. Barua zako mbili zimenifikia juzi, pamoja.

Askari walikula ng'ombe, wakapikia mbao zetu. Ganda la zamani sina hata moja. Shemeji yangu Kahindo ana ng'ombe wawili, basi nikaanza upya: mbao mpya, maji ya chumvi, na mikono yangu, maana hata javeli ilibaki kule. Wiki mbili zilikuwa nyeupe tu, nikakata tamaa. Wiki ya tatu Kahindo akaniita nije nione. Nyekundu, zote!

Nilipofungua barua zako ndipo nikaelewa. Kumbe vijidudu hivyo nilikimbia navyo mikononi.

Nilishakusamehe, usinililie tena. Ila nimechoka. Ukifunga masomo, njoo uzioshe fromaji wewe. Nilikubeba mgongoni miaka miwili, hata wewe unavyo vijidudu hivyo.

Mama yako, Solange