Wifi kawafuma chumbani

Shoga, acha unachofanya. Nimeaibika mpaka kope.

Unajua kaka alivyoweka chumbani kwao zile taa za kuendeshwa kwa simu au swichi ya ukutani, zinazopunguzwa mwanga? Leo mchana mkewe yuko kazini, simu ikamlilia: taa ya chumbani kwao imewashwa, halafu imefifizwa.

Chumbani kwao! Mchana! Na kaka kaaga yuko mkutanoni.

Wifi kampigia, hapokei. Akawadanganya kazini kuwa tumbo linamkata, akarudi mbio, akanyata kupitia jikoni, akabeba mwiko. Akasikia mwanamke anacheka ndani. Leo ni leo! Akausukuma mlango.

BABA NA MAMA YANGU, shoga!

Si wanakaa pale, chumba cha wageni, wakati nyumba yao inaezekwa upya? Wivu ulimsahaulisha wifi kabisa. Wamekumbatiana, pekupeku, redio inaimba chini chini, wanacheza. Baba kafumba macho kabisa! Mama kumwona mkwewe na mwiko, akaficha uso kifuani kwa baba.

Wifi akapiga magoti. "Nisameheni, wazazi wangu."

Baba hata hakumwachia mama. "Inuka, mwanangu. Taa ya chumba cha wageni inatumulika kama tuko hospitali. Hivi fundi wenu wa hizi taa anaweza kuja na kwetu?"

Wifi akafunga mlango taratibu. Kanipigia kutoka jikoni, anacheka huku analia. Eti miaka yote hiyo kaka hajawahi kucheza naye hata wimbo mmoja.

Kashamtumia ujumbe: ukitoka mkutanoni, njoo moja kwa moja nyumbani, na usije umechoka.