Barabara ya Jikoni kwa Bibi

Kivinje, Jumanne usiku

Bora ningenyamaza. Mwalimu wangu wa chuo anakuja Ijumaa kukagua ramani yangu ya mtaa, na mimi nimejitia kumwonyesha Bibi kabla hata sijaimaliza.

"Na hii mistari miwili?"

Barabara, nikamwambia. Mtaa wetu wote ni vichochoro, lazima kimoja kipanuliwe. Kidole chake kikaifuata mistari mpaka kikasimama. Jikoni kwake.

Akapaza sauti ifike barazani alikokaa Babu. "Njoo umsikie huyu! Mke mwenza kapelekwa chuo kikuu, karudi kunibomolea jiko abaki na mume peke yake!"

Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kama mabibi wote wa huku. Babu alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mimi nilicheka kidogo tu. Jiko lile ndilo lililonilea, nami nimelipitishia rula kama kiwanja kitupu. Hilo linaniudhi mpaka sasa.

Nikamwambia Bibi nitaisogeza barabara. Akaniuliza, safari hii kwa sauti ya chini, kama ikipita hapo hapo nilipoichora gari la wagonjwa litaweza kufika mlangoni.

"Litafika, Bibi."

Masika yaliyopita Babu alizidiwa, majirani wakambeba na kitanda chake mpaka barabara kuu, mvua ikimnyeshea.

"Basi usiisogeze. Mimi nitapika hata uani."

Nimekaa na penseli tangu Isha, sijachora kitu. Mke mwenza kama huyu, nitamshinda wapi?